Somo: Namna ya kuchagua NAS ya nyumbani au ya ofisi ndogo

Wakuu, somo hili ni la yule ambaye picha za familia zimetapakaa kwenye simu tatu, hesabu za biashara zipo kwenye laptopu moja tu, na ndani ya droo kuna diski ya USB ambayo hakumbuki aliifungua lini mara ya mwisho.

NAS ni sanduku lenye diski ndani, unalichomeka kwenye ruta kwa kebo, na kila mwenye ruhusa anafikia mafaili yake kwa kompyuta au simu. Ni kompyuta kamili yenye prosesa, RAM na mfumo wake, ila haina skrini wala kibodi. Wengi huanza kwa kuuliza kampuni ipi ni nzuri. Swali hilo liweke kiporo, tuanze na mafaili yako.

Hatua ya 1: Pima ulicho nacho

Kaa na karatasi, pita kila kompyuta na kila simu, andika ukubwa wa mafaili yote. Kisha jiulize kila mwezi unaongeza kiasi gani. Ofisi inayotunza ankara na mikataba inaweza kukaa miaka bila kujaza terabaiti moja. Anayepiga video ni habari nyingine: dakika moja ya 4K kwenye simu inakula takriban megabaiti 170 hadi 400, kutegemea mipangilio. Chukua jumla ya leo, ongeza ya miaka mitatu au minne ijayo, halafu acha nafasi ya akiba. Diski ikijaa pomoni, kazi huanza kusuasua.

Hatua ya 2: Diski ngapi, na zipangweje

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Masanduku ya kawaida yana nafasi za diski mbili au nne. Kwenye diski mbili, mpango unaofaa ni RAID 1 (RAID ni namna ya kuziunganisha diski zifanye kazi kama moja): kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili. Diski mbili za terabaiti 4 zinakupa terabaiti 4, na moja ikifa kazi inaendelea. Kwenye nne unaweza kutumia RAID 5, ambayo inatoa terabaiti 12 kati ya 16 na kuvumilia kifo cha diski moja, au RAID 6, inayotoa 8 na kuvumilia vifo viwili. RAID 0 iogope. Inaunganisha diski ili upate kasi na nafasi yote, lakini moja ikifa umepoteza kila kitu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nalisema kila siku na nitaendelea kulisema: RAID si bekapu. Niliwahi kufunga NAS ya diski mbili kwenye ofisi ndogo ya uhasibu. Miezi kadhaa baadaye nikapigiwa simu, folda ya ankara za mwaka mzima haionekani. Nilipofika, taa zote mbili za diski zilikuwa za kijani, feni inazunguka vizuri, hakuna onyo hata moja. Diski hazikuwa na kosa. Kuna mtu alikuwa anasafisha nafasi, akafuta folda, na diski zote mbili zikatii amri papo hapo. Pipa la kurejesha vilivyofutwa halikuwashwa na hapakuwa na nakala nyingine. Karani alikaa wiki nzima akikusanya ankara upya kutoka kwenye baruapepe, moja baada ya nyingine. Mpangilio ule niliuweka mimi, na nakala ya pili nilipaswa kuidai tangu siku ya kwanza.

RAID inakulinda dhidi ya diski kufa. Haikulindi dhidi ya mkono unaofuta, kirusi kinachofunga mafaili, moto, wala mwizi anayebeba sanduku zima. Kwa hiyo bajeti yako iwe na mafungu matatu tangu mwanzo: sanduku, diski, na mahali pa nakala ya pili. Pesa zikibana, punguza sanduku.

Hatua ya 3: Chagua diski kwa macho mawili

NAS nyingi huuzwa tupu, diski unanunua mwenyewe. Tafuta zilizotengenezwa kwa kazi ya saa 24, kama Seagate IronWolf au WD Red Plus. Zote mbili kwa kawaida zina dhamana ya miaka 3, na zile zenye jina la Pro miaka 5.

Kisha uliza: ni CMR au SMR? Hizo ni namna mbili za kuandika data kwenye diski. Kwenye CMR mistari ya data hukaa kando kwa kando bila kupandana. Kwenye SMR mistari ya data hupandana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mstari mmoja kunailazimu diski iandike upya na ile iliyoupanda. Kwa kutunza vitu ambavyo havibadiliki si mbaya, ila ndani ya RAID ni balaa. Diski moja ikifa, unaweka mpya na mfumo unaijaza upya kwa saa nyingi mfululizo. SMR inachelewa mno, na wakati mwingine mfumo huihesabu kuwa mbovu ukaitoa kabisa. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa, na baada ya hapo ndipo jina Red Plus likatengwa kwa ajili ya CMR. Basi soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha diski, uilinganishe na jedwali la mtengenezaji, ndipo ulipe.

Angalia pia kama sanduku linaikubali diski yako. Mwaka 2025 Synology, watengenezaji wa NAS, walianza kuzibana modeli zao mpya za Plus zitumie diski walizozipitisha wao, kisha wakalegeza mwaka huohuo.

Hatua ya 4: Sanduku lenyewe

Kwa kutunza na kugawana mafaili, prosesa ya kawaida na RAM ya gigabaiti 2 zinatosha. Ukitaka kurekodi kamera za ulinzi, kubadilisha video ili zichezwe kwenye televisheni, au kuendesha programu nyingine juu yake, tafuta gigabaiti 4 au zaidi na hakikisha RAM inaongezeka.

Synology wanasifika kwa mfumo rahisi kwa mgeni. QNAP na Asustor mara nyingi hukupa vifaa vyenye nguvu zaidi kwa bei ileile. Mimi kwa ofisi isiyo na fundi huchagua urahisi, maana mtu anayeelewa menyu ndiye atakayesasisha mfumo. Ulizia pia snapshoti, yaani uwezo wa kurudisha folda ilivyokuwa jana au saa moja iliyopita. Ile ofisi ya uhasibu ingekuwa nayo, ankara zingerudi kwa dakika chache.

Hatua ya 5: Mtandao na umeme

Lango la gigabiti 1 linapitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 100 zinaenda kwa kama robo saa. Inatosha nyumba nyingi na ofisi nyingi. Wanaohariri video moja kwa moja kutoka kwenye NAS ndio watafute gigabiti 2.5, na swichi (kifaa cha kugawa kebo za mtandao) pamoja na kompyuta ziwe za kasi hiyo, la sivyo umelipia bure. NAS iunganishwe kwa kebo daima.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, usiiache. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mafaili yanaweza kuharibika. Chukua yenye kebo ya USB, ili betri ikikaribia kuisha NAS ijizime yenyewe kwa utaratibu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina kompyuta ya zamani imekaa tu. Siwezi kuigeuza NAS?*

Unaweza. OpenMediaVault na TrueNAS ni mifumo ya bure na imara. Piga hesabu ya umeme kwanza: NAS ndogo inayokula wati 20 inatumia takriban uniti 175 kwa mwaka, na kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kula mara tatu ya hapo. Ila kama unayo tayari, ni kituo kizuri sana cha nakala ya pili, unaiwasha mara moja kwa wiki.

*Nimenunua diski ya terabaiti 4, kompyuta inaonyesha 3.63. Nimepigwa?*

Hujapigwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, kompyuta yako inahesabu kwa 1,024. Ni kiasi kilekile.

*Naweza kuanza na diski moja, ya pili nikaongeza baadaye?*

Kwenye masanduku mengi inawezekana kugeuza kuwa RAID 1 bila kufuta kitu. Mpaka siku hiyo ifike, weka nakala kwenye diski ya USB.

*Nataka kufungua mafaili nikiwa safarini. Nifungue lango kwenye ruta ili NAS ifikiwe kutoka intaneti?*

Usifungue, ndugu yangu. Aprili 2021 kirusi cha Qlocker kiliingia kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti, kikafunga mafaili ya watu kwa nywila na kudai bitcoin 0.01. Juni mwaka huohuo watu wenye WD My Book Live, ambazo hazikuwa zimepata sasisho tangu 2015, waliamka wakakuta data zao zimefutwa kwa mbali. Tumia VPN, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali, kama WireGuard au Tailscale, zima akaunti ya admin, washa uthibitisho wa hatua mbili.

*Nakala ya pili niiweke wapi basi?*

Diski ya USB yenye ukubwa wa kutosha ndiyo njia nafuu. Ziwe mbili, moja ikiwa imechomekwa nyingine iko jengo jingine, unazibadilishana kila Ijumaa. Na mara moja kwa mwezi chukua faili moja kutoka kwenye nakala, lirudishe, ulifungue ulione kwa macho yako.