Kifaa cha kubeba cha kupimia VO2max: kikague kabla hujaamini namba zake

Vifaa kama COSMED K5 na MetaMax 3B huvaliwa mgongoni au kifuani, na mkimbiaji akapimwa VO2max, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kutumia kwa dakika, barabarani badala ya maabara. Chenyewe kifaa kinapima hasa vitu vitatu: lita za hewa anayotoa kwa dakika, asilimia ya oksijeni iliyobaki humo, na asilimia ya kabonidayoksaidi. Yaliyobaki ni hesabu, na hesabu haisamehe. Chukua mtu anayetoa lita 100 kwa dakika (zikiwa zimesahihishwa kwa joto, unyevu na mgandamizo), oksijeni 17.0%, kabonidayoksaidi 3.8%. Anatumia oksijeni lita 3.97 kwa dakika; hiyo ndiyo VO2 yake. Kihisi kikisoma 17.1 badala ya 17.0, jibu linashuka hadi 3.85. Nukta moja imekula asilimia 3.

Washa kifaa angalau dakika 30 kabla, tena palepale utakapopimia. Kukitoa kwenye chumba cha kiyoyozi na kukipeleka moja kwa moja juani ni kutafuta vihisi viyumbe.

Gesi husawazishwa kwa nukta mbili: hewa ya nje (oksijeni 20.93%, kabonidayoksaidi karibu 0.04%) na mtungi wenye takriban 16% na 5%, iliyobaki nitrojeni. Andika namba za cheti cha mtungi wenyewe, si za mtungi uliopita. Hewa ya nje iwe ya nje kweli, maana chumba kilichojaa watu tayari kina kabonidayoksaidi ya ziada. Ukimaliza, pitisha gesi ya mtungi tena kana kwamba huijui, uone inasomwaje. Ikipishana na cheti kwa zaidi ya 0.05, rudia.

Kwa upande wa lita, tumia sirinji ya lita 3. Wengi huisukuma kwa kasi moja tu, wakaridhika. Sukuma polepole, wastani, halafu kwa nguvu kama pumzi za mtu aliyechoka. Kila msukumo usomeke kati ya 2.91 na 3.09. Turbini (kijifeni kinachozungushwa na pumzi ili kupima lita) yenye mate au unyevu huwa nzito, hasa kwenye mwendo wa polepole.

Mgandamizo wa hewa ndio huleta aibu kubwa. Vifaa vingi vinaupima vyenyewe, vingine vinataka uuandike. Usiuchukue kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, kwa kuwa kwa kawaida ile namba imeshageuzwa iwe kana kwamba uko usawa wa bahari. Mombasa ni karibu hektopaskali 1,010. Iten, mita 2,400 hivi juu, ni karibu 760. Ukiacha namba ya Mombasa ukiwa Iten, VO2 inapaa kwa theluthi nzima. Na angalia kipimo: 760 ni pia mgandamizo wa usawa wa bahari kwa milimita za zebaki. Asilimia ya oksijeni iache 20.93, haibadiliki mlimani.

Sasa mpandishe mtu kwenye baiskeli ya mazoezi yenye wati za uhakika: 50, 100, 150, dakika 5 kila moja, ukichukua wastani wa dakika 2 za mwisho. Kwa fomula ya American College of Sports Medicine, mtu wa kilo 70 anatarajiwa kutumia oksijeni karibu lita 1.03, 1.57 na 2.11 kwa dakika. Watu hutofautiana, kwa hiyo usikihukumu kifaa kwa tofauti ya asilimia 5. Tazama zaidi ongezeko la karibu nusu lita kila hatua, na mtu yuleyule akirudia kila wiki.

Namba zikiwa mbaya, soma VO2, lita za hewa na RER (kabonidayoksaidi inayotolewa ikigawanywa kwa oksijeni inayotumika) kwa pamoja. VO2 na lita zikiwa chini lakini RER ni ya kawaida, barakoa inavuja. RER haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu gesi iliyopimwa ni sahihi, ila nyingine imekimbia. Ziba tundu la mbele kwa kiganja, mtu apulize, upapase daraja la pua na kidevu. Ndevu ni adui. RER chini ya 0.7 kwenye mwendo mwepesi ni kosa la gesi. Juu ya 1.0 kwenye wati 50 huenda ni gesi pia, au mtu ana wasiwasi na anahema ovyo; mpe dakika chache. VO2 ikizama polepole huku lita na wati zikibaki palepale, kagua kijibomba cha kuvuta sampuli, pengine kimelowa. Nje, elekeza barakoa tupu kwenye upepo: turbini ikizunguka, weka kikinga.

Vifaa visivyo na kihisi cha kabonidayoksaidi havikupi RER halisi, hivyo tegemea baiskeli zaidi.

Baada ya kipimo pitisha gesi ya mtungi tena. Ikiwa imehama zaidi ya 0.1, kipimo hicho kitupe.

VO2max ichukuliwe kwa wastani wa sekunde 30, si pumzi moja iliyoruka juu. Na mkimbiaji aliyetoka 62 hadi 64 (mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika) usimpongeze bado: hiyo ni asilimia 3, na mwili pamoja na kifaa hupishana kiasi hicho kati ya siku na siku. Mpime tena siku nyingine, barakoa ileile, saa ileile.