Jinsi ya kuchimbua historia ya makaburi ya familia ya walowezi Marekani

Wengi wakifika kwenye makaburi ya familia katikati ya mashamba hukimbilia kusoma mawe. Mimi huanza na ardhi. Jiwe huenda lilisimamishwa na wajukuu miaka mingi baada ya mazishi, kwa tarehe za kukumbukakumbuka, ilhali hati ya shamba iliandikwa wahusika wakiwa hai.

Nenda ofisi ya hati za ardhi ya kaunti, ufuate shamba hilo mauzo kwa mauzo kurudi nyuma. Unachowinda ni kifungu ambacho muuzaji anatenga kipande cha makaburi na njia ya kukifikia. Kama familia ilipata ekari 160 kwa sheria ya makazi ya 1862 (Homestead Act), iliyowagawia walowezi ardhi ya serikali, omba jalada lao katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Humo mna maelezo ya nyumba, mazao, na majina ya mashahidi, ambao mara nyingi ni majirani, na huenda baadhi yao wamezikwa papo hapo.

Kisha sensa. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru wa kaya kwa jina. Kuanzia mwaka huo hadi 1880 kulikuwa pia na orodha za waliofariki katika miezi 12 iliyotangulia sensa. Watu huzisahau, nami sielewi kwa nini. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa 1921, hivyo mtoto aliyezaliwa na kufa kati ya 1880 na 1900 huenda hana ushahidi mwingine ila jiwe lake.

Sasa ndipo uende makaburini, kwa idhini ya mwenye shamba. Herufi zilizofifia zimulike kwa kioo kutoka ubavuni. Brashi ya waya, klorini na povu la kunyolea, marufuku! Umri ukiandikwa kwa miaka, miezi na siku, utoe kwenye tarehe ya kifo upate siku ya kuzaliwa.

Kagua nje ya uzio pia: ardhi iliyobonyea, mawe ghafi yaliyopangwa safu. Katika majimbo ya Kusini, waliotumikishwa utumwani mara nyingi walizikwa huko. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, majina yao kwa kawaida hayamo. Watafute kwenye sensa ya 1870, ya kwanza baada ya utumwa kukomeshwa, ukianza na kaya zinazopakana na shamba lile.