Somo: Kuomba nafasi ya mtafiti mgeni wa dini katika chuo cha Kikristo cha Marekani

Somo hili ni kwa ajili ya msomi aliyehitimu karibuni shahada ya uzamivu katika masomo ya dini au teolojia, anayetaka kukaa muhula mmoja hadi miaka miwili katika chuo cha Kikristo nchini Marekani ili ageuze tasnifu yake kuwa kitabu au aanze utafiti mpya. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, maombi mengi hukataliwa kwa sababu yameandikwa kana kwamba vyuo vyote ni kimoja.

Hatua ya 1: Jua chuo kinauishi Ukristo wake kwa namna gani

Kabla ya kuandika neno lolote, soma tamko la imani la chuo, kanuni za maisha ya jumuiya na orodha ya walimu wa idara. Wheaton, chuo cha kiinjili katika jimbo la Illinois kilichoanzishwa mwaka 1860, huwataka walimu wake wakubali tamko lake la imani. Chuo Kikuu cha Calvin, kilichoko Grand Rapids, kimejengwa juu ya mapokeo ya Kikalvini, na maungamo yake ni matatu: Ungamo la Kibelgiji, Katekisimu ya Heidelberg na Kanuni za Dort. Notre Dame na Boston College ni vyuo vya Kikatoliki ambamo walimu wa madhehebu na dini nyingine ni jambo la kawaida, ingawa Mkatoliki anayefundisha teolojia katika chuo cha Kikatoliki huguswa na kanuni ya 812 ya Sheria ya Kanisa, inayomtaka awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa.

Usishangae ukiulizwa imani yako waziwazi. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika kifungu cha 702, inaziruhusu taasisi za kidini kupendelea watu wa imani yao katika ajira. Kwa upande mwingine, tamko la mwaka 1940 la Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu cha Marekani kuhusu uhuru wa kitaaluma linasema kwamba mipaka ya uhuru huo inayotokana na malengo ya kidini ya taasisi inapaswa kuelezwa kwa maandishi wakati wa uteuzi. Tamko hilo si sheria ya nchi, lakini linakupa msingi wa kuomba, kwa adabu, uoneshwe mipaka hiyo kabla ya kukubali nafasi.

Hatua ya 2: Hakikisha unahesabiwa kuwa msomi mpya

Kila tangazo huweka kikomo chake cha miaka tangu shahada ilipotolewa. Soma kwa makini kama wanahesabu tangu siku ya kutetea tasnifu au tangu mahafali, kwa kuwa tofauti hiyo yaweza kukuweka nje.

Hatua ya 3: Andika andiko la utafiti linalohitaji mahali hapo

Hapa ndipo maombi mazuri yanapojitenga na mengine. Jopo litajiuliza kwa nini usifanye kazi hiyo ulipo sasa, na jibu bora ni kitu kinachopatikana kwao tu. Anayechunguza historia ya misheni barani Afrika, kwa mfano, ana sababu ya wazi ya kwenda Wheaton, ambako nyaraka zilizohifadhiwa ni pamoja na kumbukumbu za Africa Inland Mission. Anayechunguza Umethodisti atataja hifadhi ya nyaraka za Kanisa la Muungano wa Methodisti iliyoko Chuo Kikuu cha Drew, New Jersey. Anayeandika kuhusu Waamishi au Wamenoni, ambao ni Wakristo wa mapokeo ya Kianabaptisti, atakiangalia kituo cha Young katika chuo cha Elizabethtown, Pennsylvania, kinachoshughulika na Waanabaptisti na Wapietisti. Taja makusanyo yenyewe, na useme utayatumia kujibu swali gani.

Kumbuka pia kwamba wanajopo wengi si wa fani yako ndogo. Mtaalamu wa Agano la Kale atasoma andiko lako kuhusu Upentekoste, na mwalimu wa fasihi atasoma lako kuhusu Mababa wa Kanisa. Swali la utafiti lieleweke katika aya ya kwanza, na istilahi nzito zisubiri.

Hatua ya 4: Barua ya imani na wito wa chuo

Vyuo vingi vya aina hii huomba ukurasa mmoja au miwili kuhusu uhusiano kati ya imani yako na usomi wako. Waombaji hukosea kwa namna mbili: wapo wanaohubiri, na wapo wanaojificha nyuma ya sentensi za jumla kuhusu maadili. Barua inayosomeka vizuri huonesha swali moja la kitaaluma ambalo imani yako, au ukaaji wako katikati ya waumini, ulilifanya kuwa gumu zaidi, kisha hueleza ulivyolishughulikia kwa uaminifu. Usiungame usichokiamini. Ukishindwa kutia saini kipengele fulani, eleza hilo mapema kwa mratibu, maana kukataliwa sasa ni kwepesi kuliko kubanwa katikati ya mkataba.

Hatua ya 5: Barua za wadhamini

Wadhamini hapa ni wasomi wanaokufahamu na watakaoandika kuhusu uwezo wako. Wape tangazo, andiko lako na muda wa kutosha. Mmoja wao awe mtu asiyekuwa msimamizi wa tasnifu yako.

Hatua ya 6: Viza na fedha

Mtafiti mgeni kwa kawaida huingia kwa viza ya J-1, yaani ya wageni wa programu za kubadilishana, baada ya chuo kutoa fomu ya DS-2019 inayothibitisha kwamba amekubaliwa katika programu hiyo. Kundi la watafiti na maprofesa huruhusiwa kukaa hadi miaka 5, na wasomi wa muda mfupi hadi miezi 6. Bima ya afya ni lazima, na kiwango cha chini cha matibabu ni dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Uliza mapema kama posho inalipwa kama ufadhili au kama mshahara, kwa sababu kodi hutofautiana.

Maswali ya wasomaji

Swali: Mwalimu, mimi ni Mwislamu na ninachunguza mahusiano ya Wakristo na Waislamu. Je, nijaribu?

Jibu: Jaribu, lakini chagua chuo kwa uangalifu. Pale ambapo watafiti wageni wote hutakiwa kutia saini tamko la imani, mlango umefungwa. Katika vyuo vingi vya Kikatoliki na baadhi ya vile vya Kilutheri au Kimethodisti, somo lako laweza kuwa ndilo wanalolitafuta.

Swali: Nilikuwa mtafiti kwa viza ya J-1 na programu yangu imekwisha mwaka jana. Naweza kurudi sasa?

Jibu: Katika kundi la watafiti na maprofesa, utasubiri miezi 24 tangu programu ilipokwisha. Uliza chuo kama ziara ya miezi michache yaweza kuwekwa chini ya kundi la wasomi wa muda mfupi.

Swali: Tasnifu nimewasilisha, ila sijaitetea. Niombe?

Jibu: Omba iwapo tangazo linaruhusu shahada ikamilike kabla ya siku ya kuanza. Ambatanisha barua ya msimamizi inayotaja tarehe ya utetezi.

Swali: Mke wangu ni mwalimu. Akija nami, ataruhusiwa kufanya kazi?

Jibu: Ataingia kwa J-2, viza ya mwenzi au mtoto wa mwenye J-1, na anaweza kuomba kibali cha kazi kwa idara ya uhamiaji akishafika. Kibali huchukua muda, ndugu yangu, kwa hiyo bajeti ya miezi ya mwanzo ihesabu posho yako peke yake.