Namna ya kuanzisha mfuko wa familia wa kusaidia shule mkoani Tanga

Familia nyingi za Tanga tayari zinasaidia shule. Mmoja analipia sare za mtoto wa jirani, mwingine katuma mifuko 20 ya saruji kutoka Dar es Salaam au Muscat, mama mkubwa anagawa madaftari kila Januari. Tatizo la msaada wa namna hii ni kwamba hukatika mtoaji akiugua au biashara ikiyumba, na mtoto aliyeingia kidato cha kwanza kwa mkono wenu hukwama akiwa kidato cha tatu. Mfuko wa familia huundwa ili ahadi ya miaka minne ifike mwaka wa nne. Karibu kila sharti lililo hapa chini lipo kwa ajili ya hilo.

Kikao cha kwanza

Kabla ya kutafuta jina la mfuko, kaeni muandike mambo matatu: fedha inatoka wapi, nani anaamua, na nani haruhusiwi kunufaika. Hilo la tatu ndilo huvunja mifuko. Andikeni wazi kwamba mtoto, mjukuu, mpwa au mkwe wa mwanachama hatalipiwa na mfuko huu. Ndugu mwenye shida achangiwe pembeni, kama mlivyozoea. Akishaingia mpwa wa kwanza, kila nyumba itadai zamu yake, na kijana aliyepewa kazi ya kuchagua hawezi kumkatalia shangazi yake.

Waamuzi watano wanatosha. Mmoja wao asiwe wa ukoo. Mwalimu mstaafu anafaa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu anajua kusoma taarifa ya shule na anajua pa kuuliza.

Kwa familia za Kiislamu, zaka na sadaka zisichanganywe. Zaka ina mafungu manane ya wanaostahiki, na wanazuoni wengi hawakubali ijenge darasa au choo. Mtoto wa maskini anaweza kushonewa sare kwa zaka. Tundu la choo lilipiwe kwa sadaka. Fungueni akaunti mbili na daftari mbili tangu siku ya kwanza, maana kuzitenganisha baadaye ni kazi ngumu mno.

Mtaji na hesabu yake

Njia ya asili ya pwani ni wakfu: nyumba au fremu za maduka zinazuiliwa zisiuzwe wala kurithiwa, na kodi yake ndiyo inayotumika. Mzee akiweka wakfu akiwa hai na mzima, hana kikomo. Akisubiri kuacha wasia, wasia hauvuki theluthi ya mali yake. Katika kodi hiyo tengeni kwanza sehemu ya ukarabati, kwani chumvi ya bahari hula mabati na nondo haraka, na nyumba ya wakfu isiyokarabatiwa hukosa mpangaji ndani ya miaka michache.

Njia nyingine ni hatifungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali nayo inawalipa riba, zinazonunuliwa kupitia benki au wakala wa soko la hisa kuanzia shilingi 1,000,000 na kulipa mara mbili kwa mwaka. Tanga yenyewe ina mfano: Februari 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa asilimia 13.5. Wanaoepuka riba wabaki na kodi za maduka, au wafuatilie sukuk, hati za uwekezaji zisizo na riba, zinapotolewa.

Sheria ya Marekani huzitaka taasisi binafsi za familia zitoe takriban asilimia 5 ya mali zao kila mwaka. Sheria hiyo haituhusu, ila wazo lake linafaa: kiwango cha kutoa kiamuliwe mapema, kisitegemee furaha ya siku. Kwa shilingi, ambayo thamani yake hushuka, toeni pungufu ya mnachopata. Tuseme mtaji ni milioni 60 na unaingiza asilimia 12, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Toeni 4,800,000, na 2,400,000 irudi kwenye mtaji.

Sasa angalieni kosa linalorudiwa kuliko yote. Tuseme mwanafunzi mmoja wa sekondari anahitaji 400,000 kwa mwaka. Ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, hivyo kinachobaki ni sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, na nauli au hosteli. Familia inagawa 4,800,000 kwa 400,000, inapata 12, inachukua watoto 12 Januari hiyohiyo. Mwaka unaofuata hakuna nafasi hata moja, lakini maombi yanazidi, shinikizo linakuja, wanaongezwa watano, na mwaka wa tatu wote wanalipiwa nusu. Chukueni watatu kila mwaka. Mwaka wa nne mtakuwa na 12, na kila anayemaliza anaacha nafasi. Salio la miaka mitatu ya mwanzo msiliguse. Ndiyo akiba yenu.

Usajili

Mkiwa bado wadogo, mwaka mmoja wa majaribio kwa akaunti ya pamoja yenye watia saini watatu unatosha. Baadaye kuna milango miwili. Bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sura 318 ya sheria za nchi. Inafaa mfuko unaomiliki nyumba na kulipia wanafunzi tu. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya 2002. Lichagueni mkitaka kuajiri watu, kuendesha miradi na kupokea fedha za wafadhili wengine. Usajili wowote kati ya hiyo hauleti msamaha wa kodi wenyewe. Huo huombwa TRA. Wanaochangia kupitia Mfuko wa Elimu wa Taifa ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), iliyoundwa kwa sheria ya 2001, waulize huko kuhusu hati ya utambuzi na nafuu yake ya kodi.

Kuchagua shule

Mkoa una halmashauri 11. Msizitawanyikie. Shule tatu za halmashauri moja, ambazo mtu anaweza kuzizungukia kwa siku moja, mtazijua kwelikweli. Shule 15 kutoka Kilindi hadi Mkinga mtaziona kwenye picha tu.

Nendeni kwanza kusikiliza, bila kutaja kiasi. Mwaka 2010 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alitangaza kwenye televisheni dola milioni 100 za kurekebisha shule za Newark, Marekani, na wazazi wengi wa mji huo waliujua mpango siku ileile kupitia televisheni hiyo. Ukinzani wao uliufuata mpango kila ulipokwenda. Huku kwetu anzieni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule (sekondari ni mkuu wa shule na bodi), kisha Afisa Elimu Kata, kisha idara ya elimu ya halmashauri. Ombeni muhtasari wa kikao uliosainiwa. Makubaliano yaandikwe na kamati, yasiandikwe na mwalimu mkuu peke yake. Walimu wakuu huhamishwa, na ahadi ya mdomo huhama nao.

Nini kilipiwe

Kila mtu hukimbilia darasa. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa kwa mkupuo ilitenga shilingi milioni 20 kwa moja, tena kwa mafundi wa mtaani. Fedha hiyo ingekula miaka minne ya mfuko wa mfano wetu. Kama lazima mjenge, malizieni boma ambalo wananchi wameshalinyanyua. Mhandisi wa halmashauri alikague kabla hamjatoa senti. Toeni fedha kwa hatua: linta, kupaua, umaliziaji, na hatua inayofuata ilipwe baada ya kuikagua iliyopita. Kataeni mchanga wa ufukweni, kwani chumvi yake huozesha nondo na plasta hubanduka. Bati la geji 28 ni nene kuliko la 30. Karibu na bahari tofauti hiyo inaonekana. Paueni kati ya Juni na Septemba, masika ikishapita.

Vyoo husahaulika, na kwa wasichana waliovunja ungo ni suala la kuja shule au kutokuja. Mwongozo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, hivyo shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15. Hesabuni yanayofanya kazi, yenye mlango na komeo.

Chakula kinapendwa, na ndicho humeza mfuko. Makande ya mahindi gramu 120 na maharage gramu 30 kwa mtoto, watoto 400, siku 194 za masomo: mahindi kilo 9,312 na maharage kilo 2,328 kwa mwaka, yaani magunia 93 na 23 ya kilo mia mia. Acheni wazazi walete nafaka. Mfuko ununue kisichopatikana shambani: sufuria kubwa, jiko linalookoa kuni, tangi la maji.

Lakini mkitaka watoto wajue zaidi, fedha peke yake haifiki. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilijaribu katika shule 350 za wilaya 10 nchini, mpango ulioitwa KiuFunza. Shule zilizopewa ruzuku peke yake, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, alama hazikupanda. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu, zilipanda. Familia ndogo inaweza kuanza na kupima kusoma. Februari, mpimeni kila mtoto wa darasa la tatu peke yake kwa dakika tano: herufi, silabi, neno, aya, hadithi fupi. Mwekeni kwenye kundi la kiwango chake, lipieni saa moja ya ziada kila siku kwa walimu ambao kamati imewakubali, pimeni tena Oktoba. Karatasi, chaki na posho: ni gharama ndogo kuliko kujenga darasa.

Malipo na kumbukumbu

Fedha ya shule iingie akaunti ya benki ya shule, isitumwe kwenye simu ya mtu. Sare na viatu vilipiwe kwa fundi na duka. Kikao cha kuchagua wanafunzi kikae Desemba, maana Januari shule zikifunguliwa mtoto asiye na sare anabaki nyumbani. Wasichana waliojifungua wasiachwe. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi, na wengi wanakwama kwenye nauli na mlezi wa mtoto. Picha za watoto na majina yao msizisambaze. Kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, na kuna heshima ya mtoto.

Kila Desemba bandikeni karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa shule: kiasi kilichoingia, kilichotumika, kwa nini, na salio. Mkiamua kuondoka, toeni barua mwaka mzima kabla. Wanafunzi walio katikati wabaki mikononi mwenu hadi kidato cha nne, na kwa ajili yao akaunti ya akiba iwe na mwaka mmoja kamili, yaani 4,800,000 kwa mfuko wa mfano wetu, isiyoguswa hata mpangaji wa fremu akihama.