Namna ya Kupanga Mazoezi kwa Kuzingatia Mzunguko wa Hedhi

Mwanamke anayefanya mazoezi mara kwa mara hutambua kwamba mbio zilezile, katika njia ileile, huweza kuwa nyepesi wiki hii na nzito wiki ijayo. Mzunguko wa hedhi huchangia tofauti hiyo, ingawa usingizi, chakula na mawazo ya kazini au nyumbani huchangia pia. Kwa hiyo usianze kwa kubadili ratiba. Anza kwa kujichunguza.

Tafuta daftari, na siku ya kwanza ya kutoka damu uihesabu kuwa siku ya 1. Kwa mtu mzima mzunguko huchukua kwa kawaida kati ya siku 21 na 35, hivyo usihangaike ikiwa wako haufikii au unapita zile 28 zinazotajwa kila mahali. Baada ya kila zoezi andika ulichofanya, muda au uzito wake, kisha ujipe alama ya ugumu uliohisi, kuanzia 0, yaani kupumzika, hadi 10, yaani mwisho kabisa wa uwezo wako. Ongeza neno moja au mawili kuhusu usingizi na hali ya moyo: mchangamfu, mnyonge, mwenye hasira za karibu. Siku ya mzunguko iandike mwisho, kwa sababu ukiitazama kwanza utaelekea kuhisi kile unachokitarajia. Endelea hivyo kwa mizunguko mitatu, kwani homa au msiba mmoja unatosha kuvuruga kumbukumbu za mwezi mzima.

Unapoyasoma maandishi yako, tenganisha alama ya ugumu na kazi uliyoifanya hasa. Huenda ukakuta kwamba katika siku zinazotangulia hedhi alama ilipanda ilhali muda wa mbio haukubadilika sana, jambo linaloonyesha kwamba kilichobadilika zaidi ni hisia, si uwezo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba, kwa wastani, huenda uwezo hupungua kidogo mno mwanzoni mwa hedhi, na ukashauri kila mwanamke aangaliwe peke yake. Paula Radcliffe wa Uingereza alikuwa na maumivu ya hedhi alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2002 kwa saa 2:17:18, akivunja rekodi ambayo Catherine Ndereba wa Kenya aliiweka hapohapo mwaka uliotangulia. Ndiyo maana siziamini kalenda zinazowapangia wanawake wote wiki moja ya kuinua vyuma na nyingine ya kulala.

Siku za hedhi, ikiwa tumbo linauma, jaribu kutembea kwa kasi au kufanya zoezi jepesi, kwani wengi hupata nafuu. Dawa kama ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema pamoja na chakula, lakini haiwafai wenye vidonda vya tumbo. Damu ikikoma, homoni ya kike iitwayo estrojeni hupanda na wengi huchangamka. Daftari likithibitisha hivyo, weka hapo mazoezi yako magumu.

Kipindi kinachohitaji uangalifu zaidi huja baada ya yai kupevuka, wakati homoni nyingine, projesteroni, inapopandisha joto la mwili kwa takribani nyuzi 0.3 hadi 0.5. Kwa anayekimbia Mombasa au Dar es Salaam, ambako unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, ongezeko hilo hudhihirika upesi; kimbia alfajiri, na mwendo wako uongozwe na alama ya ugumu badala ya saa ya mkononi. Siku za mwisho, homoni zote mbili zinaposhuka, hasira, machozi na usingizi wa kukatika huweza kuja pamoja. Punguza muda wa zoezi bila kuliacha, chagua lile ulilolizoea, wala usiamue wiki hiyo kwamba mpango mzima umeshindikana. Huzuni ikikulemea kila mwezi hadi kazi na maelewano ya nyumbani viharibike, hayo ni maradhi yanayotibika. Na likikujia wazo la kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Anayetumia vidonge, sindano au vijiti vya uzazi wa mpango asizitegemee siku za mzunguko zilizoelezwa hapa, kwa kuwa dawa hizo hubadili homoni zenyewe, ingawa alama za ugumu na moyo bado zitamfaa.

Uchovu usiokoma mwezi mzima usiusingizie hedhi kabla ya kupima wingi wa damu, hasa ukitokwa damu nyingi au kwa zaidi ya siku 7. Maini, dagaa na maharage huongeza madini ya chuma. Chungwa husaidia yafyonzwe, na chai ya mlo huyazuia, basi inywe baadaye.

Hedhi ikikosekana kwa miezi mitatu na huna ujauzito, mwone daktari. Wapo makocha wanaoichukulia hali hiyo kuwa dalili ya kuiva kimazoezi, nao wanakosea: mara nyingi mwili unapewa chakula kidogo kuliko kazi unayotumwa, na mifupa hudhoofika. Ongeza chakula na upunguze mazoezi tangu sasa, bila kungoja majibu ya vipimo.