Nyumba ya kununua Mwanza: tazama mwamba, ziwa na makaratasi

Kabla hujampigia dalali, panga fedha. Mwenye milioni 60 atafute nyumba isiyozidi milioni 54. Zinazobaki zitakwenda kwa wakili, uhamisho wa hati, ushuru wa stempu (takriban asilimia 1 ya bei) na matengenezo ambayo bado hujayaona. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, ila isipolipwa TRA uhamisho unakwama, kwa hiyo mkataba useme atailipa lini.

Nyumba za mlimani, kama za Mabatini au Igogo, zina mandhari, lakini mwamba una masharti yake. Uliza kina cha shimo la choo. Fundi akigonga jiwe huishia futi chache, shimo hujaa upesi, na gari la kunyonya majitaka halipandi huko. Kama nyumba imeunganishwa na mtandao wa majitaka wa MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), umepona. Fungua bomba mwenyewe, asubuhi na jioni, uone kama maji yanatoka. Kisha zunguka kuta: nyufa nyembamba za plasta si neno, ila ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha mara nyingi maana yake nusu ya msingi iko juu ya jiwe, nusu juu ya kifusi, na kifusi kinashuka. Ukuta mmoja tu una rangi mpya? Uliza kulikoni. Rudi tena siku ya mvua uone maji ya mlimani yanapita wapi.

Kwa Luchelele, Igombe na kwingine ufukweni, chukua tepu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usipime wakati wa kiangazi ukaridhika; ziwa lilipanda sana 2020 na tena 2024. Majirani watakuonyesha maji yalikofika.

Makaratasi ndiko wengi wanakoliwa. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa inaonyesha kwamba watu waliuziana, haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali. Penye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina, rehani, zuio. Pasipo hati, anza na majirani wa pande zote nne, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha idara ya ardhi ya halmashauri husika (Jiji kwa Nyamagana, Manispaa kwa Ilemela). Mpima ardhi azitafute bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) kwa vipimo. Katika mji wa mawe, bikoni iliyohamishwa haishtui mtu.

Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Nyumba ya urithi inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, hata ukisainiwa na wajomba wote.

Lipa kwa benki, kwa awamu, na awamu ya mwisho isitoke kabla uhamisho haujasajiliwa.