Somo: Kukokotoa mtiririko wa majimaji ndani ya kiunzi cha tishu (someni hatua ya 2 kabla ya kuuliza)

Kila mara naulizwa kwa nini namba za mkazo ukutani hazilingani na za wengine, na kila mara jibu ni lile lile. Kwa hiyo naliandika hapa lote, kwa wenzangu wa Unguja na Pemba mnaotumia OpenFOAM, programu ya kompyuta ya kukokotoa mtiririko. Kiunzi ni umbo lenye vitundu ambamo seli hushika na kuota ziwe tishu. Tunachotafuta ni kujua majimaji ya lishe yanayosukumwa na pampu yanazikwaruza kwa nguvu gani seli zilizoshika kwenye kuta za vitundu (huo ndio mkazo ukutani), kwa kuwa seli za mfupa huitikia nguvu hiyo.

Hatua ya 1. Pata umbo la kiunzi kutoka kwenye picha za skana ya eksirei, au lichore mwenyewe, kisha ulihifadhi kama faili la STL, yaani faili la umbo la pande tatu.

Hatua ya 2. Vipimo. Hapa ndipo nilipoharibu, na nawaomba mtulie. Programu nyingi za kuchorea huhifadhi umbo kwa milimita, lakini OpenFOAM huichukulia kila namba kuwa ni mita, hivyo kiunzi cha milimita 5 hugeuka kuwa cha mita 5. Kipunguze kwa amri ya surfaceTransformPoints, mara 0.001 kila upande. Kosa la pili hujificha zaidi: simpleFoam, kikokotozi tunachokitumia ndani ya OpenFOAM, hutoa kanieneo na mkazo vikiwa vimeshagawanywa kwa densiti, kwa hiyo jibu si paskali mpaka ulizidishe kwa 1000, ambayo ni densiti ya maji (kilo kwa mita ya ujazo). Mimi niliyafanya makosa yote mawili kwa pamoja. Nilimpelekea msimamizi wangu mkazo wa 0.000000002 pamoja na kurasa tatu za maelezo, naye akachukua kalamu, akageuza karatasi, akaandika: mnato mara 8, mara kasi, gawa kwa kipenyo. Kwa mnato wa paskali-sekunde 0.0007, ambao ni wa maji ya nyuzi 37, kasi ya milimita 0.1 kwa sekunde na kitundu cha mikromita 300, inatoka takriban paskali 0.0019. Nilikuwa nimekosea karibu mara milioni moja, na kazi ya miezi miwili ilibidi irudiwe. Ifanyeni hesabu hiyo ya kalamu kabla ya kuwasha kompyuta. Tahadhari: mnato nao huandikwa ukiwa umegawanywa kwa densiti, yaani 0.0000007.

Hatua ya 3. Tengeneza wavu, yaani igawe nafasi ya majimaji katika vyumba vidogo vya kukokotolea, kwa amri ya snappyHexMesh. Nukta ya kuonesha upande unaoutaka iwe ndani ya kitundu. Ikiangukia kwenye sehemu ngumu ya kiunzi, utapata wavu wa kiunzi badala ya wavu wa majimaji. Kitundu chembamba kabisa kipate angalau vyumba 10 kutoka ukuta hadi ukuta.

Hatua ya 4. Weka kasi mlangoni, kanieneo sifuri kwenye tokeo, kasi sifuri ukutani. Aina ya mtiririko chagua tulivu (laminar), yaani usio na misukosuko.

Hatua ya 5. Rudia kwa wavu laini zaidi. Mkazo ukibadilika sana, wavu wa kwanza haukutosha.

MASWALI

Mwanachama, Mjini: Mwalimu, nimefuata yote lakini haifanyi kazi.
Jibu: Hukusema imekwama hatua gani wala imeandika nini. Weka ujumbe wenyewe wa kosa.

Mwanachama, Fumba: Kanieneo langu ni 0.02. Hizo ni paskali?
Jibu: Hatua ya 2, ndugu yangu. Imeandikwa.

Mwanachama, Wete: Samahani Mwalimu, nikibadilisha kasi ya pampu nikokotoe upya kila mara?
Jibu: Swali zuri sana, Bi. Kwa namba nilizotoa, namba ya Reynolds, inayolinganisha msukumo wa mwendo na mnato, ni takriban 0.04, kwa hiyo mnato umetawala na ukiongeza kasi maradufu, mkazo nao huongezeka maradufu. Kokotoa mara moja, kisha zidisha. Uwiano huu huvunjika Reynolds ikipita 1, na pia seli zikishaota zikaziba vitundu, kwa sababu umbo limebadilika. Ndio uwiano ule ule alioupata mhandisi Mfaransa Darcy mwaka 1856 alipopitisha maji kwenye mchanga. Kwa hiyo kutokana na tofauti ya kanieneo unaweza kupata upenyezaji wa kiunzi chote, yaani urahisi wa majimaji kupita ndani yake, ukaulinganisha na kipimo cha maabara.

Mwanachama, Chake Chake: Umeme hukatika katikati ya kazi nikaanza upya.
Jibu: Kwenye controlDict, faili la mipangilio ya kazi, andika startFrom latestTime, na upunguze writeInterval ili ihifadhi mara kwa mara. Umeme ukirudi, itaendelea kutoka ilipohifadhi mara ya mwisho.